Ng'ombe wa Kabula Katika Kesi ya Shemeji Yake

Siku nilipokabidhi ofisi, hakimu kijana aliyekuja kushika nafasi yangu alinisaidia kubeba vitu vyangu hadi kwenye gari. Njiani akaniuliza, "Mama, katika kesi zote ulizosikiliza, ipi hutaisahau?" Nadhani alitarajia mauaji. Nilimkumbusha kwamba mahakama yetu haisikilizi mauaji, kisha nikamjibu: ya ng'ombe. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayecheka utani wa mkwe wake. Sikumlaumu. Lakini nilipofika nyumbani nikaona afadhali niandike, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake wanaoanza, kwa sababu jambo lenyewe litamfikia naye. Halitakuja likiwa na pembe. Litakuja kama pikipiki, kama shamba, kama cherehani. Mtu ameshtakiwa, amekiri, na katikati ya vitu alivyokamatwa navyo kuna kitu cha mtu mwingine ambaye hana kosa lolote.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja vilipotaka kuja, na havina hadithi.

Nilianzia mahakama ya mwanzo huko Kibaha, nikiwa binti mwembamba kutoka Upareni, mwenye suti moja nyeusi na viatu vilivyonibana. Chumba cha mahakama kilikuwa na benchi nne, meza yangu, Biblia, Msahafu, na feni iliyozunguka pale tu umeme ulipoamua. Hatukuwa na kompyuta. Kila neno lililosemwa nililiandika kwa mkono wangu, shahidi akisubiri kalamu yangu imfikie. Mpaka leo kidole changu cha kati kina sugu, na wajukuu hupenda kuigusa.

Karani wangu alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo wa hapo hapo, aliyekuwa amefanya kazi na mahakimu wengi kabla yangu na hakuonekana kuvutiwa sana na yeyote kati yao. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Mzee Kondo." Naye hujibu, "Marahaba mwanangu," kisha hukaa sawa, hufunga kifungo cha juu cha shati na kuanza upya: "Mheshimiwa, mafaili tayari." Kwa namna hiyo kila mmoja wetu alipewa heshima yake na kazi ikaenda.

Mwezi wangu wa kwanza aliletwa kijana aliyeiba nazi shambani kwa watu na kuzibeba kwa baiskeli. Alikiri. Nilimhukumu, nikaanza kuandika kwamba nazi zirudishwe na baiskeli itaifishwe, maana ndiyo iliyobeba wizi. Nilijiona nimekamilika. Mzee Kondo akajikohoza.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya chini, "huyu kijana hana hata ndala. Baiskeli kaitoa wapi?"

Sikuwa nimejiuliza. Nikauliza mbele ya watu kama kuna anayeidai baiskeli ile. Nyuma kabisa akasimama fundi seremala mmoja, kofia mkononi. Kijana alikuwa jirani yake, alimwazima aende dukani. Tangu polisi waichukue, fundi alikuwa anatembea kwa miguu na msumeno begani kwenda kazini.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Sikuitwa, Mheshimiwa. Nikaona ukiingia kwenye kesi ya mtu bila kuitwa na wewe unakuwa mshtakiwa."

Nilimsikiliza, majirani wakamthibitisha, akapewa baiskeli yake. Tairi zilikuwa zimekauka kwa kukaa juani uani kwa polisi. Aliisukuma kwenda nayo. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote kuhusu mali ya asiyehusika. Chuoni tuliyasoma kwa sura nzima, lakini sikumbuki hata mstari.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa mahakama ya wilaya, Kisarawe. Mzee Kondo alikuwa ameshastaafu, na baadaye kidogo nilienda kumzika. Huko Kisarawe ndiko alikoletwa Masanja.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Vuli haikunyesha, na masika ikachungulia tu ikaondoka. Masanja alikuwa mfugaji wa Magindu, upande wa Kibaha Vijijini, Msukuma aliyehamia huko na ndugu zake akiwa kijana. Malisho yalipokwisha aliswaga kundi lote, zaidi ya ng'ombe sitini, akavuka nao mpaka ndani ya msitu wa hifadhi upande wetu. Askari wa misitu wakamkuta huko. Ng'ombe walipelekwa Msimbu, wakawekwa kwenye boma la miti lililojengwa haraka pembeni ya kijiji, na Masanja akaletwa kwangu.

Hakubisha. Nilipomsomea shtaka alisema, "Ni kweli, Mheshimiwa. Walikuwa wanakufa. Nikaona nyasi." Nilimtia hatiani, nikampa faini au kifungo. Faini hakuweza kulipa, kwa sababu mali yake yote ilikuwa imefungiwa bomani Msimbu. Akaenda gerezani.

Wakili wa Serikali, Bwana Temba, akasimama kuomba ng'ombe wote wataifishwe. Temba alikuwa mtu makini, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri kuliko ya mtu yeyote wilayani, na ombi lake lilikuwa la kisheria: mifugo ndiyo iliyotumika kutenda kosa. Nikamwambia nitatoa amri baada ya kutangaza, ili mwenye madai ajitokeze. Alikunja uso. "Mheshimiwa, mfugaji hakosi ndugu. Ukitangaza, watakuja ukoo mzima."

"Waje," nikasema. "Benchi zipo."

Alikuja mdai mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amejifunga khanga mbili na kitambaa cheusi kichwani. Jina lake Kabula. Alikuwa mjane wa Shija, kaka mkubwa wa Masanja. Aliongozana na mwinjilisti wa usharika wao, kijana mpole ambaye ndiye aliyemwandikia maombi yake, maana Kabula mwenyewe alijua kusoma Biblia lakini hakuwa na mazoea ya kuandika. Maombi yalikuwa mafupi. Kati ya ng'ombe wale, kumi na mmoja ni wake. Hakuwapeleka msituni, hakujua, na asingekubali.

Kama ni mara yako ya kwanza kusikiliza jambo la namna hii, hakimu mwenzangu, angalia ugumu wake. Gari lina kadi. Kiwanja kina hati. Ng'ombe ana ngozi tu, na ngozi za ng'ombe wale zilikuwa na chapa moja ya moto, chapa ya marehemu Shija, kwa kuwa ndugu wawili walichunga pamoja. Mume alipofariki, Kabula hakuwa na mtoto wa kiume. Ng'ombe wake wakabaki kwenye kundi la shemeji, kama ilivyo desturi.

Niliamuru Masanja aletwe kutoka gerezani atoe ushahidi. Alisimama kizimbani akiwa amekonda, mavazi ya gerezani yanamning'inia. Nikamuuliza ng'ombe wale ni wa nani.

"Wote ni wa shemeji yangu," akasema.

"Wote?"

"Wote, Mheshimiwa. Mimi ni mchungaji tu."

Benchi la mbele walikaa wazee wa ukoo, na katikati yao Mzee Ngassa, ndugu wa baba yao, mwenye fimbo na koti kuukuu la suti. Niliona anatikisa kichwa polepole kukubali. Temba naye aliona. Ilipofika zamu ya Kabula, alimwendea kwa upole wa mtu mwenye kisu.

"Mama, wewe umeomba ng'ombe kumi na mmoja. Shemeji yako anasema wote ni wako. Nani muongo?"

Kabula alimtazama Masanja, kisha akatazama mikono yake.

"Wangu ni kumi na mmoja."

"Kwa hiyo shemeji yako amedanganya mahakama."

"Ana watoto wanaokunywa maziwa ya wale ng'ombe," akasema.

"Sikukuuliza hilo. Je, si kweli kwamba ukoo umekutuma uje useme ng'ombe wote ni wako, ili wote waokolewe?"

Mwinjilisti alifumba macho. Mimi nilishika kalamu nikasubiri.

"Walinituma," Kabula akasema.

Benchi la mbele likawa kama limemwagiwa maji. Temba alitazama karatasi ya maswali yake. Nadhani alikuwa ameandaa maswali kumi ya kumfikisha hapo, na sasa yote hayakuwa na kazi.

"Na ulikubali?" hatimaye akauliza.

"Niliwaambia nitasema wangu. Mheshimiwa, ningekubali ningekuja na idadi nyingine."

Niliandika maneno hayo kama yalivyo. Nilipoinua macho, Mzee Ngassa alikuwa anasimama. Alitoka nje akigonga fimbo yake sakafuni, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama Kabula. Masanja alibaki kizimbani ameinamisha kichwa.

Ilibaki kujua ni yupi na yupi. Nikaamua mahakama yote ihamie Msimbu. Makarani wangu hawakufurahi. Mmoja alikuwa amevaa viatu vyeupe siku hiyo. Twende tukaone, niliwaambia, kitu ambacho hakiwezi kuletwa mezani hufuatwa kilipo. Tulikwenda na Temba, askari magereza na Masanja wao, bwana mifugo wa wilaya, mwinjilisti na Kabula. Bomani kulikuwa na vumbi na harufu ya samadi kavu. Ng'ombe walikuwa wamesimama karibu karibu, mbavu zinahesabika. Wanakijiji waliwachotea maji, lakini visima vyenyewe vilikuwa vinakauka.

Nikamwambia Kabula aonyeshe wake, na bwana mifugo aandike alama za kila mmoja.

Kwetu Upareni ng'ombe alikuwa mmoja, anafungwa nyuma ya nyumba na kukatiwa majani, na tulimjua kama tunavyomjua shangazi. Kwa hiyo sikushangaa sana kuona Kabula akiingia bomani na kuwataja kwa majina. Majina yalikuwa ya Kisukuma, nikamwomba anisaidie tahajia. Jina la mmoja, alisema, maana yake ni Aliyezaliwa Safarini. Alieleza kila mmoja mama yake ni nani, alizaliwa mvua zipi, yupi alipewa na Shija mbele ya watu siku binti yao wa mwisho alipobatizwa, yupi alimnunua mwenyewe kwa ufuta. Mwinjilisti alithibitisha ya ubatizo; alikuwapo. Bwana mifugo alitazama meno na kukubali umri wa kila mmoja. Baadhi ya ng'ombe walimfuata. Wengine walikuwa wamechoka mno kumfuata mtu yeyote.

Kisha likaja fahali moja kubwa, jekundu, lenye nundu nzito, zuri kuliko wanyama wote waliokuwa pale hata katika njaa ile. Lilipasua kundi, likaja moja kwa moja kwa Kabula na kumsukuma begani kwa pua. Alilikuna chini ya shingo bila kufikiri, kama unavyomkuna mtoto.

Temba akageukia bwana mifugo. "Na huyo naye muandike."

"Huyo si wangu," Kabula akasema.

"Mbona anakujua?"

"Mama yake alikufa akimzaa. Nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Lakini mama yake alikuwa wa Masanja."

Masanja, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha gari na askari wake, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Shemeji, chukua na huyo. Hakuna atakayekuuliza."

Na kweli, hakuna ambaye angeuliza. Mimi mwenyewe nisingeuliza. Fahali lile peke yake lingeweza kumwanzishia mtu maisha upya.

"Huyu ni wako, Masanja," Kabula akamjibu. "Mimi nikimchukua, na wale wengine hawatakuwa wangu tena." Alilisukuma kichwa taratibu, likagoma, akalisukuma tena, likaondoka.

Temba alikuwa ameshika faili lake wazi. Alilifunga, akasema hana swali zaidi.

Uamuzi niliuandika mwisho wa wiki ile. Nilisema mali haitendi kosa yenyewe, bali mtu. Na mwenye mali anayeonyesha kwamba ni yake, kwamba hakujua, na kwamba alimwachia mtu wa kuaminika kwa desturi ya mahali pake, hawezi kupokonywa kwa kosa la mwingine. Wakati Masanja anavuka kwenda msituni, Kabula alikuwa mjini Kibaha akimuuguza binti yake aliyejifungua kwa shida, hilo lilithibitishwa. Ng'ombe kumi na mmoja warudishwe kwake. Waliobaki, fahali jekundu likiwamo, wataifishwe. Nilisoma kwa sauti. Kabula alipiga goti, kwa desturi ya kwao, nikamwambia ainuke, mahakamani tunasimama.

Laiti ningeishia hapo. Hadithi nyingi za kazini zingekuwa nzuri kama wasimuliaji wake wangejua pa kuishia.

Ofisi ya Temba ikakata rufaa. Haikuwa chuki. Yeye mwenyewe aliniambia kwenye korido kwamba wakubwa wake waliona uamuzi ule utafungua mlango kwa kila mfugaji kuja na mjane wake. Wana haki ya kukata rufaa, na rufaa ikishasajiliwa, mali inayobishaniwa haiendi popote mpaka Mahakama Kuu iseme. Ng'ombe wakabaki Msimbu.

Nilifanya kilichokuwa mikononi mwangu. Nilimwita Kabula na Temba, nikasema ng'ombe wanaweza kukabidhiwa kwa Kabula awatunze wakati rufaa inasubiri, kwa sharti la mdhamini mwenye mali isiyohamishika, ili rufaa ikigeuka wapatikane. Temba hakupinga. Kabula akarudi Magindu kutafuta mdhamini.

Alirudi na Mzee Ngassa. Sijui alimbembelezaje. Mzee aliingia ofisini, nikamwamkia, akaitikia, akakaa, fimbo katikati ya magoti. Nikamweleza kinachotakiwa: saini yake tu, na shamba lake lisimame kama dhamana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu alisimama mbele yako akasema ng'ombe ni wake peke yake. Sivyo?"

"Alisema walio wake."

"Basi na mzigo ni wake peke yake. Mwanangu yuko gerezani. Wajukuu zangu hawana hata ndama. Angefungua mdomo tu, wote wangerudi nyumbani. Sasa anataka mkono wangu?" Akamgeukia Kabula. "Ulikuwa mke wetu. Nimekuja huku ulisikie hilo mbele ya serikali."

Kabula hakulia. Alisema, "Nimesikia, baba." Mzee akaaga kwa heshima zote, akatoka.

Mwinjilisti alijitolea kuwa mdhamini, lakini nyumba aliyoishi ilikuwa ya usharika, na hakuwa na kiwanja. Temba safari hii alipinga, na alikuwa sahihi. Kisha akapendekeza ng'ombe wauzwe kwa mnada na fedha zitunzwe mpaka rufaa iishe. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kusaidia. Nilimweleza Kabula faida zake bila kuficha. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa, Masanja alitenda kosa, ng'ombe wake wakachukuliwa. Mimi sikutenda, na wangu wakauzwe? Tofauti yetu iko wapi?"

Nikaandika kwenye faili kwamba mnada umekataliwa. Wapo watakaosema ningemlazimisha. Sikuona kama ilikuwa haki yangu kumwamulia mali niliyokuwa nimetamka kwamba ni yake.

Ukame haukusoma uamuzi wangu wala rufaa. Taarifa zilianza kuja kutoka Msimbu: leo mmoja amelala hainuki, bwana mifugo amekwenda, kesho mwingine. Niliandika maagizo ya majani na maji, nikayafuatilia kwa simu, nikaenda mwenyewe mara mbili. Walikuwepo watu wema pale kijijini waliokata majani ya mabondeni bila malipo. Lakini ng'ombe aliyekonda kupita kiasi hafufuki kwa fungu la majani. Kila aliyekufa alichunwa ngozi, ikawekwa chumvi na kuletwa stoo ya vielelezo, maana kielelezo ni kielelezo hata kikifa. Stoo ile ilikuwa ukuta mmoja na ofisi yangu. Nilisikiliza kesi za talaka na za wizi wa simu huku harufu ile ikipenya, na kila mdaawa aliyekunja pua nilitamani kumweleza.

Kabula alikuwa akija. Hakulazimishwa kuja, lakini alikuja, kutoka Magindu hadi Msimbu, akakaa na ng'ombe wake kutwa akiwafukuza inzi, kisha akarudi. Baada ya yale maneno ya Mzee Ngassa alikuwa amehama nyumba ya marehemu mumewe. Alilala kwenye chumba cha nyuma ya kanisa.

Mwaka ukaisha na mwingine ukaanza kuliwa. Hatimaye Mahakama Kuu ilitupilia mbali rufaa. Uamuzi wa jaji ulikuwa mzuri sana, ulinukuu wangu mahali pawili na kuusifu. Nimewahi kusikia mahakimu wakijivunia kusifiwa namna hiyo. Mimi niliusoma, nikainuka kwenda kufunga dirisha la upande wa stoo.

Walikuwa wamebaki watatu.

Kabula alikuja kuwachukua asubuhi moja, na mvua, kwa kejeli yake, ilikuwa inanyesha. Nilimsomea amri, nikamweleza kwamba ameshinda, kwamba hakuna mtu tena mwenye haki ya kumzuia. Nilijisikia namna nilivyokuwa nikisema, na sauti yangu haikunipendeza.

"Waliokufa," akasema, "ngozi zao ziko wapi?"

"Stoo."

"Ni zangu?"

"Ni zako. Zote nane."

Tulifungua. Karani wangu yule wa viatu vyeupe alizitoa moja moja, na Kabula akazipokea. Alizikunjua, akatazama rangi na madoa ya kila moja, akataja jina kwa sauti ndogo, akaikunja tena. Hatukumharakisha. Temba alikuwa amekuja mahakamani kwa kesi nyingine. Alisimama mlangoni, akavua koti lake safi, akasaidia kuzibeba hadi nje.

Pale nje, akiwa na mzigo wake na watu wawili wa Msimbu waliomletea wale watatu, Kabula alinigeukia. Hakuwa ananilaumu. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mheshimiwa, hawa sasa nitawapeleka wapi?"

Amri yangu ilisema ng'ombe wake warudishwe kwake. Haikusema wapi. Boma lilikuwa la ukoo, malisho ya ukoo, kisima cha ukoo. Nilijua sheria ya kumrudishia mtu mali yake. Ya kumrudishia mtu watu wake sikuijua, na hakuna kitabu kwenye rafu yangu kilichokuwa nayo. Nilimwambia, "Sijui, mama." Akasema, "Basi asante," akawaswaga taratibu kuelekea barabarani.

Wale watatu aliwauza siku chache baadaye, mwenyewe, kwa hiari yake. Hilo nililisikia kwa mwinjilisti.

Niliporudishwa Kibaha kumalizia utumishi wangu, tulikuwa na shauri la mpaka wa ardhi upande wa Kwala, tukaenda kuona eneo. Huko sasa kuna viwanda na bandari kavu, na malori yanapanga mstari mahali palipokuwa pori. Tulipomaliza, dereva akatupeleka kwa mama ntilie anayesifiwa na madereva wa malori. Nilimtambua kabla hajageuka, kwa urefu wake. Naye alinitambua. Alifuta mikono kwa khanga.

"Mheshimiwa! Karibu. Hapa tunasimama au tunakaa?"

Tukacheka, nikakaa. Aliniletea wali na maharage, akakaa kando yangu wateja walipopungua. Nikamuuliza habari za Masanja.

Masanja alitoka gerezani akiwa na kifua. Kwake hakukuwa na ng'ombe, mkewe alikuwa amerudi kwao na watoto, na ukoo ulikuwa umetawanyika kutafuta maisha. Mzee Ngassa mwenyewe alikuwa akilinda tofali za watu. Masanja alikuja Kwala kutafuta kibarua, akaanguka njiani, watu wakamleta kwa Kabula kwa sababu walikuwa na lafudhi moja. Alimlaza chumbani kwake. Alimnywesha uji na kumpeleka hospitali mara kwa mara, miezi kadhaa.

"Alikusema?" nikamuuliza.

"Hapana. Alikuwa ananiuliza habari za ng'ombe. Yupi alikufa lini. Nikawa namwambia. Siku nyingine anauliza tena, namwambia tena." Aliokota punje ya wali mezani. "Alifia mkononi kwangu, Mheshimiwa. Nikapeleka taarifa Magindu."

"Wakaja?"

"Walikuja wote. Mzee Ngassa, wale wazee, na wale wadogo zao. Walikaa hapo ulipokaa, hawajui pa kutazama. Walikuwa wametembea tangu alfajiri, wana njaa."

Lori lilipiga honi nje, mtu akaita, "Mama, chai mbili!" Kabula akainuka, akajifunga khanga yake vizuri.

"Ukawafanyaje?"

"Nikawapikia," akasema, akaenda kuchukua birika.